Mshono wa Juu

Tarehe 6 Februari

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaiandika, maana najua ungeanza nayo. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kama wapangaji. Wewe je? Unakula? Kile kifua cha utotoni kimetulia?

Barua yako ya kwamba umechaguliwa kufungua upigaji, kupiga wa kwanza, dhidi ya timu ya mji mkuu nimeisoma mara saba. Mara ya nane nilimsomea mshona nguo wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye mwanawe ni polisi, na nilisoma polepole ili kila neno limwingie. Akasema kriketi ni mchezo gani huo, watu wamesimama juani kama nguo kwenye kamba. Nikamwambia mwanao naye husimama juani pale njia panda, tena hakuna anayempigia makofi.

Ndipo nikampa historia, maana watu wa mtaa huu wanadhani timu ya jimbo iliota kama uyoga. Nilimwambia kuwa ilizaliwa kwenye kibanda changu. Mwaka juzi Mwalimu wenu alinijia na gongo moja la kupigia, kitabu cha sheria kisicho na jalada na mpira uliopasuka, akaniuliza kama mshona viatu anaweza kuushona. Kati ya wachezaji aliokuwa nao, wawili hawakujua kama ukigonga unakimbia na gongo au unaliacha. Mchezo wa kwanza walitolewa wote kwa mikimbio kumi na tisa. Karani wa mahakama alidaka mpira kwa kofia yake akashangilia peke yake, kumbe ni kosa, wapinzani wakapewa mikimbio mitano ya bure. Mchezo wa pili wakafika thelathini na mbili. Kisha ukaja wewe, ukapiga sitini na moja bila kutolewa, na jimbo likajua lina timu. Hiyo ndiyo historia yenyewe. Atakayeiandika vingine mwambie aje aniulize.

Sasa mipira. Nimempa dereva wa lori la saruji mipira tisa. Cheche, yule mchomelea vyuma anayewarushia mipira ya kasi, alipita hapa akaniomba niinue mshono kidogo, ili mpira ukitua uruke. Alisema Mwalimu asijue kwanza. Nimefanya. Uzi wa katani, nta mara mbili. Nimetoboa nukta kwa msumari kama kawaida yangu, moja mpaka tisa, ili nijue kila mmoja unavyochakaa. Wa tisa nimeuzidishia. Huo, baba, utamliza mtu.

Niandikie haraka. Nina watu wa kuwasomea.

Mama yako

Tarehe 15 Februari

Mama,

Shikamoo. Wasalimie wapangaji wako wa magotini. Mimi sijambo, nakula, kifua kimetulia.

Chumba nakaa na Mwokaji, mlinda wiketi wetu, yule anayedaka nyuma ya mpigaji. Anarudi kutoka kuoka mikate asubuhi wakati mimi naenda ghalani kupima magunia, kwa hiyo akilala mimi sipo, nikilala yeye hayupo. Dirisha ni moja, linatazama ukuta. Uwanja wetu ni pale palipokuwa kiwanda cha matofali. Mkeka umepigiliwa misumari katikati, na mpira ukitua kwenye msumari hata Mwalimu hajui utaelekea wapi. Kofia ngumu tunayo moja, na Mwokaji ndiye huivaa.

Mama, jambo hili ni kubwa. Chama cha kriketi kimesema wazi kwamba tukicheza vizuri tarehe 22 Aprili jimbo letu linaingia kwenye ligi, na tukiaibika itabidi tusubiri, labda timu ivunjwe. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote akasema, "Huyu ndiye ukuta. Ukianguka mapema, tumekwisha." Sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Hata kazi hii ya ghala nimepewa kwa sababu ya gongo.

Mipira imefika. Wa tisa Cheche ameuficha kwenye soksi.

Nakuomba usitangaze sana.

Mwanao

Tarehe 24 Februari

Ukuta wangu,

Hujambo tena? Mimi nimenenepa kwa furaha, mkanda umehama tundu.

Umesema nisitangaze. Umechelewa, baba. Kinyozi anajua, muuza mkaa anajua, na yule mzee asiyesikia ameandikiwa kwenye karatasi. Dereva amekubali kutubeba siku hiyo, mtaa mzima, lori litakuwa tupu. Na usikie hii: mshona nguo ameomba mwenyewe ashone bendera. Nimemwachia, ila nimesimama juu ya kichwa chake ili herufi za UKUTA ziwe kubwa kuliko za jimbo.

Unajua nilivyokulea. Baba yako alipotutoka watu walisema mwana wa mshona viatu atakuwa nani, labda atabeba sanduku la mama yake. Sasa wacha waje waone kwa macho yao. Sitaki kitu kingine duniani.

Cheche anasemaje juu ya wa tisa?

Mama yako

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zilikuwa nyingi ghalani.

Mazoezi yanaendelea. Nimefikiri nikaona ni bora msije. Safari ni ndefu, vumbi ni jingi na hakuna pa kukaa. Waambie watu tutashinda, nitawaletea habari mwenyewe. Tafadhali, mama, usije.

Mwalimu anatuma mfuko wa mipira yote tisa, mishono imelegea.

Mwanao

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Salama? Huku kuna salama kidogo na hasira nyingi.

Wiki tano kimya, kisha unaniandikia mistari minane ya kunifukuza. Na mistari yenyewe inapanda mlima. Ulifundishwa kuandika kwenye kibanda hiki, juu ya kopo la nta, na mwandiko wako ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Sasa neno moja limekanyaga jingine, na "mama" umeiandika nje ya karatasi, nusu yake imebaki mezani kwako. Au umepata mtu wa kukuandikia? Au ndiyo ukubwa, hutaki mama mwenye vidole vya nta aonekane na wa mji mkuu?

Nitakuja. Bendera imekwisha.

Mfuko umefika jioni hii. Kesho nitaufungua.

Mama

Tarehe 5 Aprili

Baba,

Leo siulizi hali, kwa sababu nadhani naijua.

Mipira minane ilikuja na vumbi jekundu la matofali. Mmoja ulikuja safi. Nikauliza, nani anaosha mpira? Ngozi ikioshwa kwa sabuni inakakamaa na kunuka, mshona viatu yeyote anajua. Nikahesabu nukta. Ni wa tisa.

Nikakata uzi. Juu ulikuwa umetakata, lakini chini ya mshono ule mrefu nilioinua mimi, maji yalikuwa yameisukuma damu ndani ikagandia kwenye nta. Na kwenye tundu la nne kutoka fundo langu kulikuwa na unywele mfupi umebanwa. Si wa kichwani. Ni wa nyusi.

Niliuweka kwenye kiganja, nikaenda nao mlangoni kwenye mwanga.

Nakuuliza mara moja tu. Ni wa nani?

Mama

Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilidhani nimeusafisha.

Ilikuwa mwisho wa Februari, mazoezini. Cheche aliutoa kwenye soksi ili tuujaribu. Ulitua karibu na mguu wangu, ukaruka. Nilikuwa nimeinama kuuzuia, ukanipiga jichoni. Sikuanguka, kila mtu alinisifu kwa hilo. Jicho la kushoto lilivimba siku sita, kisha uvimbe ukaisha na nikawaambia nimepona.

Sijapona. Kuna pazia jeusi limeshuka kutoka juu na kila wiki linashuka zaidi. Nilikwenda kwa daktari wa macho peke yangu. Alisema ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba, nayo inaachana na mahali pake kama bitana inayoachana na koti. Aliniambia nilale chali, nisikimbie, nisiinue mzigo, nirudi mapema anipeleke kwa wanaoweza kuirudisha. Kesho yake nilikwenda ghalani, na jioni mazoezini.

Nimejifunza kusimama nikiwa nimemgeukia mrushaji, jicho zima mbele. Mipira ya polepole naigonga. Ya kasi inafika kabla sijaamini kuwa imeondoka. Mwokaji ndiye pekee anayejua, na nimemwapisha.

Cheche hajui. Alifurahi siku ile, alisema mama yako ana mkono wa dhahabu.

Zimebaki siku kumi na tatu. Nikicheza tu siku hiyo, nitalala chali hata mwaka. Usimwambie mtu. Hilo tu nakuomba.

Mwanao

Tarehe 12 Aprili

Mtoto wangu,

Nimeisoma barua yako mara moja, sikuweza mara ya pili.

Mkono wa dhahabu. Ningejua ningeutia kwenye mlango nikaufunga.

Sikiliza. Nenda kwa Mwalimu leo, mwambie mwenyewe. Mtu akijisemea ana heshima yake. Kisha rudi kwa daktari. Ukirudi nyumbani nitakupikia, utalala chali kwenye kitanda changu, na mimi nitakaa chini nikushonee hadithi. Jicho likiwa bado lina nusu, nusu si haba.

Mimi niliyetaka watu waone, sasa nataka wewe uone. Wapigaji ni wengi. Na mipira ya mji mkuu ni ya kasi, na ya kasi umesema mwenyewe huioni. Mpira wa pili ukija kwenye jicho zima, itakuwaje? Utaijua sauti yangu tu.

Nikiri jambo. Siku nzima ya jana nilijiambia ninyamaze. Nikaiona bendera, nikaona lori, nikamwona mshona nguo akipiga makofi. Nikasema pengine siku moja tu haitadhuru. Kwa hiyo najua kinachokushika. Kimenishika na mimi.

Jibu haraka. Naomba, baba. Mama yako anaomba.

Tarehe 15 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Siwezi. Karani ndiye atakayefungua nisipokuwepo, naye hufumba macho yote mawili mpira ukija. Timu itavunjwa.

Wewe ndiye uliyenitangaza mtaa mzima. Wewe ndiye uliyewaambia mimi ni ukuta. Sasa unataka nirudi hapo nikiwa nani?

Kama unanipenda, nyamaza. Nakukumbusha, mpira ule umeushona wewe. Usiniumize na kwa mdomo.

Mwanao

Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Yote uliyosema ni kweli.

Nimemwandikia Mwalimu. Barua yake na hii yako zimepanda lori moja, na nimemwomba dereva akupe wewe kwanza, usije ukasikia kwa mtu. Nimemwambia habari ya jicho, na pazia, na daktari. Nimemwambia na mshono. Kwamba Cheche aliomba, lakini sindano niliishika mimi, na nilizidisha kwa sifa tu, hakuna aliyenituma kuzidisha. Asimlaumu.

Ninajua ninachokukata. Nimekaa na wewe miaka ishirini na nne, najua neno lile la Mwalimu lilikuwa chakula chako. Niite msaliti. Lakini uniite ukiniona.

Mama

Tarehe 25 Aprili

Baba,

Hujajibu. Nakuandikia hivyo hivyo.

Siku ile asubuhi watu walijaa kwenye lori, hata mzee asiyesikia. Nilikuwa nimepanga kusema naumwa. Nikapanda juu, nikashika ubao, nikawaambia: "Mwanangu hachezi. Jicho halioni. Mpira uliomuumiza nimeushona mimi, na nilijisifu kabla haujamfikia." Kisha mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya, ile ya mtu asiyejua aweke wapi uso. Wakashuka mmoja mmoja. Mshona nguo alikunja bendera mara nne, akaibeba kwapani.

Dereva alikwenda peke yake, ndiye aliyenieleza. Mikimbio themanini na minane, kisha wakaisha. Karani alipigwa ubavuni na mpira wa pili tu wa mchezo, mbavu mbili zikavunjika, akabebwa kutoka kwenye mkeka. Amesema yule mrushaji wa mji mkuu akikimbia unasikia ardhi. Chama kimewaambia wasubiri mwaka mmoja, ndipo kitaamua. Timu haijavunjwa, lakini imebaki kwenye uzi.

Hapa mtaani kuna msemo mpya: mama wa ukuta ndiye aliyeubomoa. Kinyozi ndiye aliyeutunga, na si mbaya, ningekuwa ni mimi ningeutunga hivyo hivyo.

Mbavu zile za Karani, kila nikilala nazihesabu, nasema zile zingekuwa kichwa chako.

Mwalimu amesema hukumsemesha, ulivua glavu ukaziweka juu ya meza ukatoka. Mwambie Mwokaji anijibu yeye, kama wewe huwezi. Umekwenda kwa daktari? Neno moja linatosha. Ndiyo au bado.

Nimeshona mipira yote tisa upya, mshono wa chini, ukipitisha kidole gumba huusikii. Wa tisa nimeuacha mwisho. Sikubadilisha ngozi, ni ile ile, ila damu nimeitoa kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu. Ule unywele ninao, umo kwenye kopo la nta. Mfuko unakuja na dereva.

Mama yako

Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Sijui unaisomea wapi barua hii, au kama kuna wa kukusomea. Tatu nilizotuma Mei zimerudi na dereva. Mwokaji anasema ulirudi kwa daktari, wakakupeleka wanakojua kutibu jicho, ukarudi umefungwa kitambaa, ukalala chali wiki mbili ukitazama dari. Alikuwa anakulisha mkate kwa mkono. Mungu ampe mikate mingi. Kisha akarudi asubuhi moja kutoka kazini akakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Alipokuuliza siku moja kabla kama kitambaa kikitoka unaona, ulimjibu tutajua.

Tutajua. Ninalala na neno hilo na kuamka nalo.

Leo mfuko wa mipira umerudi kushonwa. Mwalimu ameweka kikaratasi kwamba ipo minane, mmoja haukuonekana tangu wiki uliyoondoka. Nikaimwaga yote sakafuni. Nukta moja, mbili, tatu, zote zipo mpaka nane. Wa tisa haupo.

Dereva anasema mipira hupotea, kile kiwanda kimejaa vichaka. Yeye ni mtu wa saruji, hajui. Mpira ule ulikuwa na nukta zake na mshono wa chini, na mtu mwenye kitambaa usoni angeutambua kwa kidole gumba bila kuuliza mtu. Sikumbishia, ila mimi naamini uko begini mwako.

Mshona nguo akavuka barabara, akasimama mlangoni akauliza kama umeandika. Nilifungua mdomo, baba, nikausikia uongo umeshajipanga, mrefu na mzuri, una hospitali kubwa ndani yake na salamu kwa majirani. Nikasema, "Hajaandika."

Alivuta kigoda, akachukua sindano kutoka mkononi mwangu, akanitungia uzi, maana siku hizi tundu silioni vizuri. Akatunga ya pili, akaichomeka tayari kwenye nta. Tulikaa hivyo mpaka minane ikaisha.

Barua hii namwachia Mwokaji, pengine utapita kwake. Mipira inarudi Jumatatu. Nafasi ya wa tisa nimeiacha wazi mfukoni, Mwalimu akiomba mwingine nitasema ngozi imekwisha.

Ukiandika, hata mistari ikipanda mlima, mimi nitaifuata.

Mama